Fundi umeme hatafutwi usiku wa shoti

Soketi inayoungua polepole hutoa harufu ya samaki. Plastiki ngumu inayotengenezewa soketi, swichi na holda ikipata joto la kupita kiasi huanza kunuka hivyo hata kabla moshi haujaonekana. Katika miji ya pwani, ambako samaki hukaangwa kila jioni kwenye kila kona, harufu ya namna hiyo haimshtui mtu. Watu hunusa, hudhani ni jirani anapika, wanalala. Siku mbili tatu baadaye mtu anachomoa chaji ya simu na kukuta tundu la soketi limegeuka rangi ya kahawia na plagi imeng'ang'ania ndani.

Hapo ndipo simu zinapoanza kupigwa. Anatafutwa yule kijana aliyemfungia feni mpangaji wa chumba cha mwisho; simu yake haipatikani. Anaulizwa mwenye duka la vifaa vya umeme pale stendi, amefunga. Bodaboda mmoja anamjua fundi. Saa tatu usiku anafika kijana mwenye koleo mkononi na tesita mfukoni, anafungua soketi, anakata ncha ya waya iliyoungua, anaikaza upya, anazungushia tepu nyeusi pale ilipochubuka. "Tayari, mama." Analipwa, anaondoka, taa zinawaka, na nyumba nzima inashukuru.

Hakuna aliyeuliza kwa nini soketi iliungua.

Swali hilo ndilo kazi yenyewe ya fundi umeme. Soketi haiungui bila sababu. Mara nyingi skrubu iliyobana waya imelegea. Umeme ukipita mahali palipogusana vibaya huzalisha joto; joto hutanua shaba, umeme ukizimwa shaba husinyaa, na kila siku skrubu hulegea kidogo zaidi. Wakati mwingine waya wenyewe ni mwembamba kuliko mzigo uliotundikwa juu yake. Wakati mwingine ekstensheni moja inabeba friji, pasi na birika kwa pamoja. Sababu hizi tatu zinatibiwa kwa njia tatu tofauti, na tepu nyeusi haimo katika hata moja.

Makala haya yana jambo moja la kuwaambia wenye nyumba na wapangaji wa miji yetu: fundi umeme aitwe siku ambayo hakuna kilichoharibika. Awe na leseni, ajulikane kwa jina na namba, na alipwe kwa kupima. Nyumba inayomtafuta fundi wake wa kwanza wakati waya unanuka imeshachelewa, kwa sababu usiku ule hakuna nafasi ya kuchagua. Anayefika ndiye anayekubaliwa.

Kuchagua kunawezekana kabisa, na sheria ipo. Tanzania Bara, kazi ya kufunga umeme kwenye majengo inasimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008. Fundi anayekidhi vigezo hupewa leseni yenye daraja, na daraja hilo linaonyesha ni kazi za ukubwa gani anaruhusiwa kuzifanya. Kenya nako fundi wa stima hupewa leseni na EPRA, iliyoundwa chini ya Sheria ya Nishati ya 2019. Leseni hizi zina namba, zina tarehe ya kuisha, na mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuiona kabla hajamfungulia mtu mlango. Fundi wa kweli haoni aibu kuionyesha, ameihangaikia.

Asiyekuwa nayo ana jina lake mtaani: kishoka. Jina hilo limebeba watu wa aina mbili, na ni vema kuwatenganisha. Yupo tapeli anayejifanya mfanyakazi wa shirika la umeme, TANESCO, anayepokea fedha za kuunganisha umeme kisha akazima simu. Huyo ni mwizi, kazi yake ni ya polisi. Yupo pia kijana aliyesoma umeme kwenye chuo cha ufundi cha VETA, au aliyejifunza kwa kumbebea fundi ngazi miaka kadhaa, mwenye mikono mizuri, ambaye hajapata leseni. Huyu wa pili si adui wa mtu. Tatizo ni kwamba hakuna anayeikagua kazi yake, na kasoro ya umeme iliyozikwa ukutani inaweza kukaa kimya miaka mingi.

Utaratibu wa kuikagua upo kwenye karatasi. Anayeomba kuunganishiwa umeme kwenye nyumba yenye wayaringi hutakiwa kuwa na uthibitisho wa mkandarasi mwenye leseni kwamba kazi imekamilika na iko salama. Nia ni njema. Lakini kila aliyejenga anaijua njia ya mkato: kijana anapiga wayaringi yote, halafu unatafutwa mhuri wa mkandarasi ambaye hajawahi kuiona nyumba hiyo. Mhuri unalipiwa, fomu inapita, nguzo inafika, mita inafungwa. Mwenye nyumba anadhani ameokoa fedha. Ukweli ni kwamba amelipia ukaguzi na hakupata ukaguzi. Mkandarasi anayeuza mhuri wake kwa namna hiyo anastahili kunyang'anywa leseni, na mwenye nyumba anayeununua anapaswa kufahamu kwamba moto ukija hautauuliza mhuri ulitoka wapi.

Kuna kosa moja linalofanyika kila siku mchana kweupe, na linafaa kuangaliwa kwa karibu kwa sababu linaonekana kama msaada. Breka inakata. Mama akiwasha birika wakati pasi iko moto, nyumba nusu inazima. Anaitwa fundi. Anafungua boksi, anatazama, anasema: "Mama, hii breka ni ndogo, ndiyo maana inakusumbua. Tukiweka ya arobaini haitakata tena." Na kweli haikati tena.

Breka haikuwekwa pale kulilinda birika. Imewekwa kuulinda waya uliomo ukutani. Waya wa milimita za mraba 1.5, ule unaotumika kwa taa, una kiwango chake cha umeme unaoweza kubeba bila kupata moto. Waya wa 2.5, wa soketi, una chake. Shawa ya umeme na jiko kubwa huhitaji waya mnene zaidi, wa 4 au 6, wenye breka yake peke yake. Breka huchaguliwa kwa kuutazama waya. Ukiuacha waya uleule na kubadilisha breka kutoka ampia 20 kwenda 40, umemwondoa mlinzi na kuacha mlango wazi. Kuanzia siku hiyo, waya ukizidiwa hakuna kitakachokata. Utachemka ndani ya paipu hadi plastiki yake iyeyuke. Nyumba za zamani zenye fyuzi za kuchomeka zina toleo lao la kosa hilo: fyuzi imeungua, duka limefungwa, kinakatwa kipande cha waya wa shaba na kufungwa mahali pake. Fundi anayependekeza lolote kati ya haya mawili, hata kama ana tabasamu zuri na bei nafuu, ashukuriwe na asindikizwe hadi getini.

Hesabu yake ni ya darasa la kawaida. Umeme wa majumbani kwetu ni wa volti 230. Gawa wati za kifaa kwa 230 na utapata ampia. Birika la wati 2,000 linavuta karibu ampia 9. Shawa ya wati 5,500 inavuta karibu 24. Ekstensheni ya kawaida yenye plagi ya pini tatu ina ukomo wa ampia 13, yaani wati zisizofika 3,000 kwa vifaa vyote vilivyochomekwa kwa pamoja. Wati zimeandikwa chini ya kila kifaa, kwenye kibandiko ambacho watu wengi hawajawahi kukigeuza wakakisoma.

Jambo hili lina uzito wa pekee sasa. Kwa miaka mingi tulilalamikia mgao, na malalamiko yalikuwa ya haki. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji ulianza kuzalisha, na bwawa lote limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Mradi wa umeme vijijini umepeleka nguzo katika vijiji 12,318 vya Tanzania Bara, na kwa sehemu kubwa ya vijijini mteja ameunganishwa kwa shilingi 27,000. Mei mwaka huohuo wa 2024 ulizinduliwa mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa ifikapo 2034. Majiko ya umeme na presha kuka vinanadiwa redioni na kwenye maonesho, na ni jambo jema. Moshi wa mkaa umewaumiza mama zetu vifua vya kutosha.

Lakini jiko hilo linakwenda kuchomekwa wapi? Linachomekwa kwenye soketi iliyofungwa zama ambazo chumba kilihitaji taa moja na redio. Nyumba nyingi za Magomeni, Ilala, Tanga mjini au Ng'ambo ya Zanzibar zilivutiwa nyaya na watu ambao hawakuwaza friji, achilia mbali jiko. Taifa limejenga bwawa kubwa na kusafirisha umeme mamia ya kilomita, halafu mita ishirini za mwisho, zile zinazopita juu ya kitanda cha mtoto, zimeachwa kwa bahati. Hakuna mkakati wa kupikia kwa umeme utakaofaulu bila kuuliza waya wa ndani una hali gani. Kampeni inayomkabidhi mama jiko la umeme ingemkabidhi pia fundi wa kuja kuangalia soketi yake.

Hali ni ngumu zaidi kwa wapangaji. Katika nyumba ya vyumba sita au vinane kule Tandika au Manzese, mita ya LUKU mara nyingi ni moja, na kila chumba kimevutiwa umeme kutoka chumba cha jirani kwa waya uliounganishwa juu ya dari. Wapangaji wanachangishana, wanagombana nani ana friji, nani anapiga pasi usiku. Ugomvi wote ni wa uniti. Juu ya dari, kwenye viungio vya nyaya vilivyosokotwa kwa vidole na kufungwa tepu, hakuna anayetazama. Mpangaji akiona cheche anaogopa kuita fundi kwa sababu nyumba si yake. Baba mwenye nyumba akiambiwa anajibu kwamba umeme unawaka, sasa tatizo liko wapi? Kodi ya miezi sita ameshaipokea.

Nchi nyingine zimelifunga jambo hili kisheria. Uingereza, kwa upande wa England, tangu 2020 mwenye nyumba anayepangisha analazimika kuukaguza mfumo wa umeme angalau kila miaka mitano na kumpa mpangaji nakala ya ripoti. Afrika Kusini, nyumba haiuzwi bila cheti cha fundi aliyesajiliwa kuthibitisha kuwa umeme wake uko salama, na cheti hicho hakitakiwi kuzidi miaka miwili wakati wa kuhamisha umiliki. Afrika Kusini ina mitaa ya mabati na vyumba vya kupanga kama sisi, kwa hiyo hata kwetu linawezekana. Kinachotakiwa ni mtu mmoja mwenye leseni, vifaa vya kupimia, na karatasi yenye sahihi.

Vifaa vya kupimia ndivyo vinavyomtambulisha fundi haraka kuliko maneno yake. Tesita, ile bisibisi inayowaka taa ndogo, inaeleza jambo moja tu: hapa kuna fezi, yaani waya wenye umeme. Haielezi kama ethi inafanya kazi, haielezi kama waya umechubuka ndani ya ukuta. Kwa hayo kuna mita ya kupimia volti, na kuna mega, kifaa kinachosukuma volti 500 kwenye nyaya zilizozimwa ili kuona kama umeme unavuja kutoka waya mmoja kwenda mwingine au kwenda kwenye ethi. Kuna pia kipimo cha ethi. Mwenye nyumba hahitaji kujua kuvitumia. Anahitaji kuuliza swali moja kwenye simu, kabla fundi hajapanda bodaboda: "Una mega?" Jibu, na sauti ya jibu, vitamwambia mengi.

Ethi inastahili maneno ya ziada. Katika nyumba nyingi kuna friji inayopiga shoti, na familia imeshaizoea. Mgeni anaambiwa, "Vaa ndala kabla hujafungua friji." Watoto wanaijua kanuni hiyo kama wanavyojua kunawa mikono. Friji hiyo inatoa taarifa. Umeme unavuja kwenye bati lake, na waya wa ethi uliopaswa kuupeleka ardhini haupo, au umekatika, au umeishia kwenye fimbo fupi iliyochomekwa kwenye mchanga mkavu ili fundi amalize kazi kabla ya jua kuzama. Siku sakafu ikilowa na mtoto akija bila ndala, taarifa ile inaweza kuwa msiba. Mwili wa mtu hauhitaji umeme mwingi kuumia: kiasi cha milliampia 10 hadi 20 kinaweza kuibana misuli ya mkono hadi mtu ashindwe kuachia alichokishika, na karibu na 50 kwenda juu moyo uko hatarini.

Ndiyo maana kifaa kinachoitwa RCD hutengenezwa kukata umeme kinapoona milliampia 30 zinapotea njia, na hukata kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Breka ya kawaida haifanyi kazi hiyo. Kwa breka ya ampia 20, mtu anayekufa kwa umeme ni mzigo mdogo usiostahili kukatiwa. RCD ina kitufe chenye herufi T. Kikibonyezwa, umeme wa nyumba unapaswa kuzima papo hapo. Kisipozima, kifaa kimekufa. Nyumba ambayo haina kitufe hicho kabisa, na zipo nyingi mno, ina kazi ya kwanza ya kumpa fundi wake.

Rangi za nyaya nazo zimewahi kumdhuru fundi mzoefu. Nyumba za zamani zina nyekundu kwa fezi, nyeusi kwa nyutro na kijani kwa ethi. Nyaya za miaka ya karibuni zina kahawia, bluu, na kijani yenye mistari ya njano. Kwenye umeme wa fezi tatu wa mtindo mpya, nyeusi ni fezi. Nyumba iliyojengwa zamani na kuongezwa vyumba baadaye inaweza kuwa na mitindo yote miwili ndani ya boksi moja, na anayeamini macho bila kupima anaweza kushika waya mweusi akidhani ni nyutro.

Sasa tuje kwenye dharura yenyewe, kwa kuwa hata nyumba iliyokaguliwa inaweza kupata siku mbaya. Jambo la kwanza halihitaji fundi: kila anayelala ndani ya nyumba ajue meni swichi iko wapi na aweze kuifikia gizani. Kila mtu, pamoja na dada wa kazi, bibi aliyekuja kutoka kijijini na mtoto wa miaka minane. Nyumba nyingi zimeificha nyuma ya kabati, au imefungiwa chumba cha mwenye nyumba aliyesafiri.

Mtu akishikwa na umeme, asiguswe kabla umeme haujazimwa. Hofu humtuma ndugu kumrukia na kumvuta, na ndipo wanapokufa wawili. Kama meni iko mbali, atenganishwe kwa kitu kikavu kisichopitisha umeme, mti wa ufagio au kiti cha plastiki, na anayefanya hivyo asimame mahali pakavu. Aliyenusurika apelekwe hospitali hata akisema amepona, maana moyo unaweza kuyumba baadaye. Moto ukiwa kwenye soketi au kwenye jiko la umeme, maji yasimwagwe. Izimwe meni, watu watoke, ipigwe 114 ya Zimamoto. Waya wa nguzo ukianguka barabarani baada ya upepo, hata kama hautoi cheche, watu wakae mbali nao kabisa na watoto waondolewe, kwa sababu ardhi inayouzunguka inaweza kuwa na umeme pia. Hapo wa kuitwa ni shirika la umeme, si fundi wa mtaani.

Mpaka kati ya kazi ya shirika na kazi ya fundi ni mita. Kuanzia nguzo hadi mita, pamoja na lakiri iliyofungwa juu yake, ni mali ya shirika. Fundi wa mtaani akisema atafungua mita "aangalie kidogo", huyo anamtumbukiza mwenye nyumba kwenye kesi. Kabla ya kumwita yeyote, tazama nje: kama na majirani wako gizani, tatizo si la nyumba yako. Na kama taa zinang'aa kupita kiasi chumba kimoja huku za chumba kingine zimefifia, au balbu zinapasuka, zima meni mara moja na upige simu TANESCO. Mara nyingi nyutro imekatika mahali fulani, na katika hali hiyo vifaa vya nyumba vinaweza kupokea umeme wa karibu volti 400. Televisheni na friji nyingi zilizosemwa "zimeuawa na umeme mkubwa" zimekufa kwa njia hii.

Kama ni nyumba yako peke yake imezima na hakuna harufu wala moshi, kuna jaribio salama la kufanya wakati fundi yuko njiani. Chomoa kila kitu kwenye soketi. Zima breka zote. Washa meni, kisha washa breka moja moja. Ile itakayokata tena ndiyo yenye kasoro. Iache imezimwa, nyumba iliyobaki ipate taa, na fundi aambiwe hivyo kwenye simu. Umemwokolea muda, na umejiokoa na fundi wa kubahatisha anayebomoa ukuta wa sebuleni kumbe shoti iko jikoni. Baada ya mafuriko, kama yale yaliyoyakumba mabonde ya Dar es Salaam na Rufiji mwaka 2024, jaribio hili halifai. Soketi iliyozama haiwashwi hadi ifunguliwe, ikaushwe na kupimwa na fundi mwenye mega.

Kuhusu malipo, desturi yetu ni kulipa kwa pointi: kila taa, kila soketi, kila swichi ina bei yake. Fundi anachana ukuta, anapitisha paipu, anavuta waya, anafunga vifaa, anahesabiwa pointi. Mfumo huo unazawadia mbio. Kupima hakuna pointi, kwa hiyo hakuna anayepima. Mwenye nyumba mwenye busara hukubaliana na fundi bei ya pointi kisha akaweka kando malipo ya siku moja ya vipimo, na siku hiyo hulipwa mwishoni, vipimo vikishaandikwa. Tena mafundi waitwe kukagua kabla plasta haijapigwa, wakati paipu na nyaya bado zinaonekana.

Vifaa navyo vinunuliwe mwenye nyumba na fundi wakiwa pamoja. Kariakoo kuna waya mzuri na kuna waya wa kuvutia macho, duka kwa duka. Waya bandia huandikwa 2.5 lakini shaba yake ni nyembamba, au ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Mwombe muuzaji ncha ya waya, uikwangue kwa kisu. Shaba ya kweli ni nyekundu hadi ndani. Ikitokea nyeupe chini ya rangi, rudisha. Angalia alama ya TBS, na uushike mkononi ulinganishe uzito na roli nyingine ya ukubwa huohuo.

Haki ya fundi pia isemwe. Wateja wengi humlazimisha kufanya kazi kwenye umeme unaowaka kwa sababu mechi inaendelea au kwa sababu friji ina nyama. Anasimama juu ya stuli ya plastiki, mkono mmoja kwenye dari, na watu wazima wanaotazama hawaoni ubaya. Akisema umeme uzimwe, anaonekana mwoga. Baadaye wanapunguza nusu ya malipo kwa sababu "umetumia dakika kumi tu". Zile dakika kumi zimetokana na miaka ya VETA na ya kubeba ngazi. Vijana wa kike wameingia katika kazi hii na wanaifanya vizuri, na bado wapo wateja wanaomuuliza binti aliyekuja na mega yake, "Fundi mwenyewe yuko wapi?" Fundi asiyeheshimiwa, asiyelipwa kwa uangalifu wake, hatakuwa na sababu ya kutafuta leseni wala kununua kipimo.

Serikali za mitaa zina nafasi hapa isiyohitaji bajeti kubwa. Ofisi ya mwenyekiti wa mtaa tayari ina ubao wa matangazo. Ubao huo ungeweza kubeba orodha ya mafundi umeme wenye leseni wanaoishi katika mtaa, namba zao za leseni na za simu, ikipitiwa upya kila mwaka kwa kulinganishwa na kumbukumbu za EWURA. Mkataba wa upangaji ungeweza kuwa na sentensi moja: tarehe ya mwisho ambayo umeme wa nyumba hii ulipimwa, na nani. Mpangaji aliyesoma sentensi hiyo ikiwa tupu angejua la kuuliza kabla hajalipa kodi.

Na fundi akimaliza, aache karatasi, ibandikwe ndani ya kifuniko cha boksi la breka. Iandikwe kila breka inalinda nini na kwa waya wa ukubwa gani, mega ilisoma ngapi, ethi ilisoma ngapi, RCD ilikata au haikukata, jina lake, namba ya leseni, tarehe. Fundi atakayekuja baada yake, hata saa tatu usiku, hataanza kwa kubahatisha. Wakati mzuri wa kumwita kwa kazi hiyo ni kabla masika hayajaanza mwezi Machi, dari zikiwa kavu, na kwa nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu ni kazi ya asubuhi moja.